Thika Road: historia ya maneno mawili, "tutapanua barabara"

UZI. Kila mdahalo wa kisiasa hapa Kenya ukifika sehemu ya maswali ya wananchi, lazima mtu asimame aulize kuhusu jam. Na lazima mtu jukwaani ajibu: "Tutapanua barabara." Makofi. Wanahamia swali la basari.

Leo nataka tukae kwenye hayo maneno mawili kidogo. Kanuni za hapa mnazijua. Sitaji mwanasiasa, sitaji chama, na ukija na matusi ya mrengo wako utajibizana na ukuta. Tunajadili sera na ilikotoka.

Nitatumia Thika Road kwa sababu ndiyo ninayoijua. Naishi Membley, pale ukitoka Nairobi unapoanza kuingia Ruiru, ambapo Eastern Bypass na Northern Bypass zinakutana na barabara kuu. Ukitaka kujua nchi hii imejaribu nini kuhusu msongamano wa magari, njoo usimame hapa. Kuna reli ya mkoloni, kuna matatu, kuna barabara ya njia nane, kuna barabara mbili za mchepuko, na kulikuwa na rangi nyekundu ambayo nitaifikia. Watu wa Mtwapa, Kilifi na Malindi msiondoke, uzi huu unawahusu kuliko mnavyodhani.

Tuanze mbali kidogo. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899. Mwaka 1913 tawi la kwenda Thika likafunguliwa, likipitia hapa Ruiru. Kwenye makaratasi ya serikali ya kikoloni halikuitwa hata reli, liliitwa "tramway" ya Thika. Halikujengewa abiria. Lilijengwa kubeba mazao ya walowezi, mkonge na kahawa. Ruiru ulikuwa mji wa mashamba kabisa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko hapa hadi leo, na ile aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imebeba jina la mji huu. Hata majina ya mitaa yanakwambia: Kahawa West, Kahawa Sukari, Kahawa Wendani.

Shika hilo la mashamba, maana ndiyo siri ya hadithi yote. Kwa miaka mingi ukitoka Kahawa kuelekea Thika ulikuwa unapita katikati ya mashamba makubwa yenye watu wachache. Barabara inayopita kwenye mibuni haina sababu ya kujaa. Magari yanapita tu, hakuna anayeingia wala anayetoka.

Sasa upande wa abiria. Nairobi ilikuwa na mabasi ya kampuni, Kenya Bus Service, tangu 1934. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa na kibali. Matatu zilikuwepo, lakini zilibeba watu kwa kujificha, zikikimbizana na polisi, nauli senti thelathini, ndipo jina lilipotoka. Mwaka 1973 likatoka tangazo la rais kwamba matatu zibebe watu bila ile leseni ya usafiri. Kwa siku moja, biashara iliyokuwa kosa ikawa halali.

Binafsi naona tangazo lile ndilo uamuzi mkubwa zaidi wa usafiri uliowahi kufanywa Kenya, na ulifanywa bila mpango wowote wa kufuata. Ulisaidia watu, sikatai. Mtu wa Githurai alipata gari, na kijana akapata kazi. Lakini tangu hapo kukawa na mgawanyo ambao hatujautoka. Kazi ya serikali ikawa kuweka lami, kazi ya kubeba binadamu ikaachiwa mwenye gari. Serikali ilijaribu kurudi mwaka 1986 na shirika lake la mabasi, na shirika hilo likawa limekufa kabla karne haijaisha. Ndio maana hadi leo ukimuuliza kiongozi kuhusu usafiri anakujibu kuhusu lami. Ndiyo sehemu pekee ya usafiri aliyozoea kuiona kama yake.

Haya. Tufike 2009.

Wale wadogo mliozaliwa mkikuta daraja za juu, hebu niwaeleze barabara ilivyokuwa. Njia mbili kwenda, mbili kurudi, na mizunguko njiani: Pangani, Muthaiga, pale Allsops, Kasarani, Githurai. Kila mzunguko ulikuwa na polisi wake anayepunga mkono, na kila mzunguko ulikuwa na foleni yake. Mtu wa Thika anayefanya kazi tao alikuwa anaamka usiku, na hakuwa anatia chumvi akikuambia hivyo.

Mwaka huo wakandarasi watatu wa China waligawiwa barabara vipande vitatu. China Wu Yi walichukua upande wa mjini, Shengli wakapewa katikati, Sinohydro wakapewa upande wetu hadi Thika. Takriban kilomita 50. Mizunguko ikang'olewa, zikawekwa daraja za kupishana. Gharama ilipita shilingi bilioni 30, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na wa Benki ya Exim ya China. Ilizinduliwa rasmi Novemba 9, 2012. Uchaguzi mkuu ulikuwa Machi 4, 2013. Sisemi chochote, natoa tarehe tu.

Na tuwe wakweli: ilifanya kazi. Msiniletee ule upinzani wa kusema kila kitu ni bure. Safari ya Thika hadi mjini ilipungua sana, na mtu aliyekuwa anafika nyumbani watoto wamelala akawa anawakuta macho. Wabishi wa miradi wakinyamaza kwenye hili watasikika vizuri zaidi kwenye mengine.

Shida ilikuwa upande wa pili wa uzio, kwenye yale mashamba.

Barabara ikishakupunguzia muda, ardhi iliyokuwa mbali inakuwa karibu. Mwenye shamba la kahawa akapiga hesabu: mbuni unampa nini kwa ekari kwa mwaka, na ekari hiyo ikikatwa ploti nane itampa nini kwa wiki. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Mabango yakajaa kando ya lami, ploti za futi 50 kwa 100, "mkabala na Superhighway," "dakika chache kutoka mjini." Miji mizima ikachorwa juu ya mashamba. Tatu City ni mfano mkubwa, karibu ekari 5,000 zilizokuwa za kahawa. Thika Road Mall ikafunguliwa 2013, Garden City 2015. Sensa ya 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu kama 239,000. Sensa ya 2019 iliukuta na kama 490,000. Miaka kumi, mara mbili na zaidi.

Hakuna mtu aliyekosea kuhamia hapa. Familia inatafuta nyumba inayoweza kulipa, inaipata Ruiru, inahama. Lakini hesabu ya barabara ilifanywa juu ya mji wa watu robo milioni, na barabara yenyewe ndiyo iliyoita robo milioni nyingine.

Hili si jipya duniani. Mwaka 1962 mwanauchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliandika kwamba barabara kuu ya mjini ikipanuliwa, saa za asubuhi na jioni hujaa tena mpaka ilipokuwa. Waliokuwa wanapita njia nyingine wanarudi, waliokuwa wanatoka mapema wanatoka muda uleule na wenzao, waliokuwa wanapanda basi wanatoa gari. Houston, Texas, waliipanua Katy Freeway mpaka baadhi ya sehemu zikafika njia 26 ukihesabu na zile za pembeni. Wakamaliza 2008. Miaka michache baadaye safari ya jioni ilikuwa imerefuka kuliko mwanzo. Njia 26! Sisi tuna nane, tunaambiwa tatizo ni uchache.

Halafu kuna suala la mdomo wa chupa, ambalo kwenye midahalo huwa halitajwi kabisa. Thika Road ni pana mpaka Muthaiga. Baada ya hapo inamwaga magari yote Pangani, Ngara, Globe, kwenye barabara za mji uliopangwa enzi nyingine. Upana wa huku juu unasaidia tu kufika haraka kwenye mkia wa foleni. Na huku kwetu, matatu zikisimama Roysambu, Githurai, au steji ya Ruiru Bypass, zinasimama mbili, tatu sambamba, kwa sababu steji ziliwekwa kama nyongeza baada ya lami kuchorwa. Makanga analaumiwa. Makanga amewekwa mahali ambapo kusimama vizuri hakuwezekani, na bosi wake anamlipa kwa idadi ya mizunguko anayopiga kwa siku.

Nimesema nitakuwa mkweli, basi nitaje na wanaotembea kwa miguu. Barabara ilipofunguliwa, jirani aliyekuwa anavuka njia nne kwenda kununua maziwa alijikuta anavuka njia nane na zile za huduma pembeni, magari yakienda kasi ambayo hajawahi kuiona. Vivuko vya juu vilikuwa vichache na vimeachana sana. Watu walikufa. Vingine vikaongezwa baadaye, baada ya maombolezo, baada ya wakazi kuandamana na kufunga barabara. Kuna watu wanawacheka wanaovuka chini wakati kivuko kipo. Mpe mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la mboga apande ngazi zile, atembee mpaka kivuko na arudi, jua la saa saba, halafu tuongee kuhusu uvivu. Wengi wa wakazi wa huku hawana gari. Barabara ya bilioni 30 iliwapitia wao kama mto uliojaa.

Sasa njoo kwenye mchepuko. Eastern Bypass ilikusudiwa kutoa magari ya Mombasa Road yasiyo na shughuli mjini yatokee moja kwa moja huku Ruiru. Wazo zuri. Ilipofunguliwa ilikuwa na njia moja kwenda na moja kurudi. Kufikia 2021 wakandarasi walikuwa wamerudi kuipanua. Kwa nini? Kwa sababu ya mambo yaleyale. Angalia Kamakis. Kabla ya mchepuko palikuwa mahali pa kawaida. Leo ni jina analolijua kila mla nyama wa Nairobi. Jumapili mchana magari yamepangana pande zote, watu wametoka mjini kuja kula mbuzi, kuna bembea za watoto, kuna muziki. Umekuwa mji wa utalii, watalii wake tu ni wa Kasarani na Embakasi. Lori linaloenda Moyale, ambalo mchepuko ulijengwa kwa ajili yake, limekwama nyuma ya Probox inayotafuta pa kuegesha karibu na choma.

Mimi mwenyewe nala pale, kwa hivyo simkashifu mtu. Nataka tuone jinsi inavyotokea. Mchepuko usipokatazwa kugeuka mtaa wa maduka, utageuka, na kibali cha kujenga hakitoki Wizara ya Barabara. Kinatoka kaunti. Kwenye mdahalo wa urais mtu anaulizwa kuhusu barabara, kwenye mdahalo wa ugavana mtu anaulizwa kuhusu vibali, na hakuna anayewaweka hao wawili meza moja.

Nilisema kuhusu rangi nyekundu. Mwaka 2017 iliundwa NAMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na miji inayoizunguka, na hapo kwa mara ya kwanza tangu lile shirika lake la mabasi life serikali ilikuwa inasema kubeba watu ni kazi yake pia. Mpango ulikuwa mabasi ya mwendo kasi, yenye njia zao peke yao. Njia zikapewa majina ya wanyama: Ndovu, Chui, Kifaru, Nyati, na yetu ya Thika Road ikaitwa Simba. Mwaka 2018 wakaja na ndoo za rangi wakapaka mstari mwekundu kwenye Thika Road, eti njia ya basi. Mabasi hayakuwepo. Vituo havikuwepo. Matatu na magari binafsi yakaendelea kupita juu ya mstari kama kawaida, na rangi ikachakaa kabla basi moja la mfumo huo halijapita juu yake. Kuna vituo vilivyoanza kujengwa miaka ya baadaye upande wa Kasarani, lakini Simba wetu tulimwona kwa rangi.

Na si kwamba haiwezekani kwa nchi maskini. Dar es Salaam walianza yao Mei 2016, kilomita 21, Kimara hadi Kivukoni. Wana shida zao, uhaba wa mabasi umewasumbua, watu wanabanana vituoni na wanalalamika kwa haki. Lakini ile njia ya basi ipo, imejengwa kwa zege, na gari binafsi haliingii likatamba. Wao wanapigania kuongezewa mabasi. Sisi bado tunabishana kama tunayataka.

Hebu tupige hesabu ndogo, na hii muichukue mkawaulize wagombea. Njia moja ya barabara kuu, ikienda vizuri, inapitisha kama magari 2,000 kwa saa. Weka watu wawili kila gari, na asubuhi wengi wako peke yao, unapata watu 4,000. Njia hiyohiyo ukiipa mabasi ya watu 60, mawili kila dakika, unapata 7,200, na njia bado iko karibu tupu. Huhitaji kubomoa nyumba ya mtu.

Reli nayo iko palepale. Ile ya 1913. Treni ya abiria inatoka Ruiru asubuhi, inarudi jioni, kwenye njia moja ya chuma ambapo treni mbili haziwezi kupishana mpaka stesheni. Ukikosa ya asubuhi siku yako ni ya matatu. Kuweka njia ya pili ya chuma juu ya ardhi ambayo tayari ni ya reli ni kazi ambayo sijawahi kusikia ikipigiwa makofi kwenye mkutano wowote. Labda kwa sababu haina utepe mzuri wa kukata.

Na wakikuambia hakuna pesa, wakumbushe kuhusu mafuta. Ushuru wa kutunza barabara ulikuwa shilingi 18 kwa lita tangu 2016, na Julai 2024 ukapandishwa hadi 25. Unalipa kila lita, hata ile inayoungua ukiwa umesimama Githurai umezima redio kwa hasira. Hata abiria analipa, iko ndani ya nauli. Kwa hivyo mwenye kukaa zaidi kwenye jam ndiye anayechangia zaidi mfuko wa barabara. Nani aliuliza mfuko huo ununue hata basi moja?

Watu wa Pwani, sasa ni zamu yenu.

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ni kilomita kama 120. Historia yake yote ni ya kuvuka maji. Nyali mlivuka kwa daraja lililoelea tangu 1931 mpaka la zege likaja 1980. Kilifi mlisubiri feri mpaka daraja likafunguliwa 1991. Kila daraja lilipofunguka, hoteli zikasogea kaskazini: Nyali, Bamburi, Shanzu, Kikambala, kisha Watamu na Malindi zikawa karibu. Na Mtwapa, ambao ulikuwa mahali pa kupita tu, ukawa mji usiolala. Kila anayeenda Kilifi lazima apite katikati ya soko lake, tuktuk, bodaboda, basi la Lamu na gari la hoteli kwenye lami moja. Msimu wa Desemba mnajua wenyewe.

Sasa mnapanuliwa. Mombasa hadi Mtwapa, na kutoka Mtwapa kuelekea Kilifi, kazi iliyoanza 2021 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya, ikiwa kipande cha barabara ya kutoka Bagamoyo hadi Malindi. Mtafurahi, na mtakuwa na haki ya kufurahi, kama sisi 2012.

Lakini mimi nikipita huko siangalii lami, naangalia mkonge. Pale Vipingo mashamba ya mkonge yalifika mpaka barabarani. Sehemu yake tayari ni uwanja wa gofu na nyumba za kuuza, na mabango ya ploti yameanza kusimama kwa maneno ambayo sisi wa Ruiru tunayajua kwa moyo. Hamna reli. Hakuna njia ya basi kwenye mazungumzo niliyosikia. Mna miaka michache kabla ploti zile hazijajaa, na katika miaka hiyo kuna uchaguzi. Akija mtu jukwaani Mtwapa akasema "tutapanua barabara," muulizeni kati ya Mtwapa na Kilifi nani anatoa vibali vya kujenga kando ya lami mpya, amevitoa vingapi, na steji ya matatu iko wapi kwenye mchoro. Mchoro, sio hotuba. Sisi hatukuuliza, kwa sababu mwaka ule tulikuwa tunafika nyumbani mapema.

Uzi ujao ni wa vibali vyenyewe: nani anasaini, na kwa nini ploti inauzwa kabla maji hayajafika. Wa Juja na Kikambala, leteni maswali yenu hapa chini.